Charles Crocker, mkandarasi wa reli ya California: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Reli ya kwanza kuvuka bara la Marekani ilikamilika tarehe 10 Mei 1869. Simulizi za siku ile huwataja zaidi waliosimama mbele ya kamera. Charles Crocker hakuwepo, ingawa kwa miaka sita ndiye aliyeshinda njiani, kwenye vumbi na theluji, akiisukuma kazi. Haya ndiyo maswali ambayo watu huuliza zaidi juu yake.

Kwa ufupi, alikuwa nani?

Alikuwa mwenye duka la vitambaa mjini Sacramento, akageuka mkandarasi. Alikuwa diwani wa mji, kisha mbunge wa jimbo la California. Kuanzia 1863 hadi 1869 alisimamia ujenzi wa Central Pacific, upande wa magharibi wa reli ile, kilomita zipatazo 1,110 kutoka Sacramento hadi Promontory Summit, Utah. Yeye na wenzake watatu, Leland Stanford, Collis Huntington na Mark Hopkins, huitwa Wanne Wakubwa. Wote wanne walikuwa wauza duka. Stanford alishika siasa, Huntington akatafuta fedha na vifaa upande wa mashariki, Hopkins akakaa na vitabu vya hesabu. Crocker alipewa sururu na baruti.

Alitokea wapi?

Alizaliwa Troy, New York, tarehe 16 Septemba 1822. Familia yake haikuwa na kitu, na akiwa kijana mdogo ilihamia Indiana. Huko alifanya vibarua vya shamba, akafanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, halafu kwa mhunzi. Mwaka 1845 alifungua karakana yake ndogo ya kufua chuma. Shule alisoma kidogo sana.

Mwaka 1850 alifuata wimbi la dhahabu hadi California, akikata nyika na milima pamoja na ndugu zake wawili. Aligundua upesi kwamba anayewauzia wachimbaji mahitaji yao hupata pesa ya uhakika kuliko mchimbaji mwenyewe, akafungua duka. Mwaka 1852 alimwoa Mary Ann Deming.

Siasa aliingiaje?

Kupitia chama cha Republican, wakati chama hicho kikiwa bado kichanga na chenye kudharauliwa California. Kilipinga utumwa kuenea, na wafuasi wake wa mwanzo mjini Sacramento walikuwa kikundi kidogo tu. Kaka yake, wakili Edwin Crocker, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Stanford, Huntington na Hopkins nao walikuwemo. Kwa hiyo kabla ya kuwa washirika wa reli, watu hawa walikuwa wanachama wa tawi moja.

Charles alichaguliwa diwani mwaka 1855, na mwaka 1860 akachaguliwa kuingia Bunge la jimbo. Bungeni hakukaa sana, na hotuba zake si kitu ambacho watu wanakikumbuka. Cha kutazama hapa ni mtandao. Stanford aliapishwa kuwa gavana Januari 1862, huku akiwa rais wa kampuni ya reli. Mwaka uliofuata gavana huyohuyo alimteua Edwin Crocker kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya California. Mwaka 1863 Bunge la jimbo lilipitisha sheria za kuruhusu miji na kaunti kununua hisa za reli kwa fedha za umma. Mtu anayesema siasa za jimbo zilikuwa jambo la pembeni katika maisha ya Crocker hajaitazama miaka hiyo mitatu.

Hakuwa mhandisi wala hakuwahi kujenga reli. Kandarasi aliipataje?

Alijipa, yeye na wenzake. Hakuna namna laini ya kulisema hili.

Njia ya kupita milima ya Sierra Nevada iligunduliwa na kuchorwa na mhandisi Theodore Judah. Yeye ndiye aliyewashawishi wale wauza duka waweke fedha, na kampuni ikasajiliwa Juni 1861. Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Reli ya Pasifiki tarehe 1 Julai 1862. Ujenzi ulizinduliwa Sacramento tarehe 8 Januari 1863, na Crocker ndiye aliyeongoza shughuli siku hiyo. Alikuwa amejiuzulu ukurugenzi, kiti chake kikakaliwa na Edwin, na kampuni mpya iitwayo Charles Crocker & Co. ikapewa kandarasi ya kipande cha kwanza cha njia.

Judah alikasirika. Aliona wakurugenzi wanajilipa wenyewe kwa mlango wa nyuma. Oktoba 1863 alipanda meli kwenda kutafuta matajiri wa mashariki wa kuwanunua wale wanne, lakini alipokuwa akivuka Panama alishikwa na homa ya manjano, akafariki New York tarehe 2 Novemba. Reli ya kwanza ilikuwa imetandikwa Sacramento siku saba tu kabla. Nikisoma habari zake huwa nasikitika: mtu aliyeibeba ndoto hii hakuona hata kipande kimoja cha chuma kikipigiliwa misumari.

Serikali ililipa vipi?

Kwa hati fungani na ardhi, kwa kila maili iliyokamilika. Kiwango kilikuwa dola 16,000 kwa maili ya tambarare, dola 32,000 kwa nyanda za juu na dola 48,000 kwa milima. Juu ya hapo kampuni ilipewa viwanja vikubwa vya ardhi kandokando ya njia, na mwaka 1864 Bunge liliongeza ardhi hiyo maradufu.

Ndipo swali la "mlima unaanzia wapi" likawa swali la pesa. Mtaalamu wa miamba wa jimbo, Josiah Whitney, alitoa maoni kwamba Sierra inaanzia Arcade Creek, maili saba tu kutoka Sacramento, kwa sababu udongo hapo unafanana na wa mlimani. Ukisimama mahali hapo unaona uwanda mtupu. Rais Abraham Lincoln aliyakubali maoni hayo, na maili kadhaa za tambarare zikalipwa bei ya mlima.

Kwa nini Crocker aliajiri Wachina?

Kwa sababu hakuwa na watu. Mwanzoni mwa 1865 kampuni ilitangaza kazi kwa vibarua 5,000, wakaja mamia machache tu. Hata hao, wengi walifanya kazi mpaka wapate nauli, kisha wakakimbilia machimbo ya fedha ya Nevada.

Mnyapara mkuu wa Crocker alikuwa James Strobridge, mtu mrefu, mkali, aliyepoteza jicho moja baruti ilipolipuka kwenye mkato wa Bloomer Cut karibu na Auburn. Strobridge aliwakataa Wachina: wadogo wa mwili, alisema, hawawezi kupasua mwamba. Inasimuliwa kwamba Crocker alimjibu kuwa watu waliojenga Ukuta Mkuu wa China hawashindwi na reli. Wakajaribiwa 50. Baada ya hapo wakaletwa wengine, na wengine, kwanza kutoka miji ya California, kisha moja kwa moja kutoka Guangdong kwa meli. Kazi ilipopamba moto, karibu tisa katika kila wafanyakazi kumi walikuwa Wachina, na idadi yao ilipita 10,000. Mwaka 1876 Crocker na Strobridge walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikichunguza uhamiaji wa Wachina, na wote wawili waliwasifu.

Lakini tusiyafanye masimulizi ya Crocker kuwa mwanzo wa mambo. Vitabu vya malipo vya Januari 1864, mwaka mzima kabla ya yale majaribio, tayari vina jina la Hung Wah, kiongozi wa kikundi cha vibarua wa Kichina.

Magenge yao yaliishije?

Kila genge lilikuwa na kiongozi wake na mpishi wake. Kiongozi alipokea mshahara wa wote, akakata gharama za chakula, akagawa kilichobaki. Wahasibu wa kampuni waliandika jina la kiongozi na idadi ya siku, basi. Ndiyo sababu maelfu ya watu walipitia kazi hii bila jina hata moja kubaki kwenye karatasi.

Chakula chao kilikuwa wali, samaki wakavu, chaza wakavu, mboga, wakati mwingine nyama ya nguruwe au kuku. Na chai. Mchana kutwa palikuwa na mtu anayepita kazini na mti begani, mapipa mawili madogo yakining'inia huku na huku, yale mapipa yaliyokuja na baruti, sasa yamejaa chai ya vuguvugu. Maji yake yalikuwa yamechemshwa. Vibarua wa Kizungu walikunywa maji ya mtoni, na kuhara kukawaangusha mara nyingi zaidi. Kipipa kile cha chai kilisaidia kuijenga reli sawa na baruti iliyokuwamo mwanzo.

Mshahara wa Mchina ulianzia dola 26 kwa mwezi, ukapanda hadi dola 30 na ushei. Mzungu alilipwa dola 35 na kulishwa juu yake. Mchina alijilisha mwenyewe.

Ni kipande gani kilikuwa kigumu zaidi?

Handaki namba 6, kileleni mwa Sierra, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Urefu wake ni mita 506 tu, lakini ni mwamba wa matale mtupu. Jinsi ya kutoboa ilikuwa hivi: mtu mmoja anashika patasi ndefu ya chuma, wawili wanaigonga kwa nyundo kwa zamu, na baada ya kila pigo mshikaji anaizungusha kidogo. Tundu likishakuwa na kina cha kutosha linajazwa baruti, utambi unawashwa, watu wanakimbia. Kwa baruti ya kawaida walisogea chini ya nusu mita kwa siku.

Crocker na wahandisi wake walifanya mambo mawili kuharakisha. Walichimba shimo la wima katikati ya mlima ili watu washuke na kutoboa kuelekea pande zote mbili, huku wengine wakija kutokea nje. Hivyo kazi ikaendelea kwenye nyuso nne kwa wakati mmoja, usiku na mchana, hata theluji ilipofunika milango ya handaki na watu wakalazimika kuchimba vichochoro ndani ya theluji yenyewe ili kufika kazini. Pili, walitumia nitrogliserini, iliyochanganywa palepale mlimani kwa sababu kuisafirisha ilikuwa hatari mno. Kasi ikapita nusu mita kwa siku. Pande mbili zilikutana Agosti 1867, na treni ikapita kabla Desemba haijaingia.

Majira ya baridi ya 1866 hadi 1867 yalileta dhoruba 44. Maporomoko ya theluji yalifagia kambi nzima na watu wake, na baadhi ya miili haikuonekana mpaka theluji ilipoyeyuka. Kampuni haikuhesabu wafu wake wa Kichina. Iliorodhesha mapipa ya baruti na misumari, lakini vifo hapana, na kwangu hili ndilo doa kubwa kuliko yote katika historia ya Crocker.

Ni kweli wafanyakazi walining'inizwa kwenye vikapu pale Cape Horn?

Cape Horn ni jabali lenye mteremko mkali karibu na Colfax, ambako njia ilichongwa ubavuni mwa mlima mwaka 1866. Habari zilizoandikwa karibu na wakati wenyewe zinataja watu kushushwa kwa kamba. Vikapu viliingia kwenye simulizi miongo kadhaa baadaye, picha zikachorwa, na sasa kila mtu anavirudia. Kamba zilitosha kuwa hatari.

Mgomo wa 1867 ulikuwaje?

Tarehe 25 Juni 1867, vibarua wa Kichina wapatao 3,000 wa kule milimani waliweka chini zana zao kwa pamoja. Walitaka dola 40 kwa mwezi, siku ya kazi iwe fupi, na zamu za ndani ya mahandaki zipunguzwe. Hawakupiga mtu wala kuharibu kitu. Walikaa kambini kwao kimya, na utulivu ule ndio uliowashangaza wakubwa.

Crocker hakuwajibu kwa maneno. Aliwakatia chakula. Kule juu mlimani hapakuwa na duka wala shamba, kila punje ya mchele ilipandishwa na treni ya kampuni. Baada ya kama wiki moja akapanda mwenyewe, akawaambia kwamba yeye ndiye anayepanga masharti, na kwamba asiyerudi kazini atakatwa mshahara. Wakarudi. Hawakupewa walichodai.

Msomaji wa Afrika ajue pia kwamba barua za wakubwa wa kampuni za kipindi hicho zinajadili kuleta maelfu ya Weusi waliotoka utumwani miaka miwili tu kabla, wawe rungu la kuwatuliza Wachina. Mpango haukutekelezwa. Lakini hesabu ilikuwa hiyo: maskini wa rangi moja amtishe maskini wa rangi nyingine.

Habari ya kilomita 16 kwa siku moja ni ya kweli?

Ni ya kweli, na ushahidi upo. Tarehe 28 Aprili 1869, huko Utah, vibarua wa Crocker walitandika maili 10 na futi 56 za reli kati ya asubuhi na jioni. Kampuni shindani ya Union Pacific, iliyokuwa ikija kutoka mashariki, ilikuwa imejivunia rekodi yake, na Crocker alisubiri mpaka imebaki njia fupi kiasi kwamba wapinzani wasingekuwa na mahali pa kuivunja ya kwake. Dau la dola 10,000 linalotajwa kati yake na Thomas Durant wa Union Pacific ni la simulizi zaidi.

Kazi ilikwenda kama mnyororo. Viberenge vilileta vyuma hadi mbele. Watu wanane, wote wa asili ya Ireland, walinyanyua kila reli kwa makoleo ya chuma, wanne upande huu na wanne upande ule, wakaikimbiza na kuilaza juu ya mataruma. Nyuma yao wakaja wa kuweka misumari, wa kuigonga, wa kufunga bolti, na nyuma kabisa safu ndefu ya Wachina wakishindilia udongo kwa sururu na mabeleshi. Kufikia saa saba na nusu mchana walikuwa wamemaliza maili sita. Wakala, wakaendelea mpaka saa moja jioni.

Siku hiyo zilitumika reli 3,520, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 254 hivi. Piga hesabu: wale wanane walibeba tani karibu 900 kwa mikono, zaidi ya tani 110 kila mmoja. Majina yao manane yamehifadhiwa. Ya Wachina waliokuwa nyuma yao hayakuandikwa.

Mbona hakuwepo siku ya msumari wa dhahabu, ule uliopigiliwa kukamilisha reli?

Kati ya wale wanne, Stanford peke yake ndiye aliyefika Promontory, na Strobridge alikuwepo kama msimamizi wa kazi. Crocker alipata msumari wake baadaye. Tarehe 5 Septemba 1876 reli ya Southern Pacific iliunganisha San Francisco na Los Angeles pale Lang, na safari hii nyundo ilikuwa mkononi mwake.

Alikuwa msimamizi wa aina gani?

Mnene, mwenye uzito uliopita kilo 110, mwenye sauti kubwa, asiyekaa ofisini. Uzeeni alisimulia kwamba alikuwa akipanda na kushuka njia ile kama fahali mwenye wazimu. Siku za mshahara alipita juu ya farasi na mifuko ya sarafu za dhahabu na fedha, akilipa genge kwa genge. Stanford na Huntington wangeweza kuwa matajiri wa biashara yoyote ile. Crocker, nionavyo, aliipenda kazi yenyewe.

Utajiri wake ulitoka wapi?

Zaidi kwenye ujenzi kuliko nauli. Mwaka 1867 kampuni ya Charles Crocker & Co. iliachia nafasi kwa Contract and Finance Company, ambayo nayo ilikuwa ya watu walewale wanne. Mkono wa kulia ulidai, wa kushoto ukalipa, kwa fedha taslimu, hati fungani na hisa. Tume ya serikali ilipochunguza mwaka 1887, vitabu vya hesabu vya kampuni hiyo havikupatikana.

Na ule ukuta wa chuki?

Crocker alijenga jumba kubwa Nob Hill, San Francisco, akanunua viwanja vyote vya mtaa ule isipokuwa kimoja. Mwenyewe, Nicholas Yung, mfanyabiashara wa mazishi, hawakuelewana bei. Crocker akazungushia nyumba ya Yung ukuta wa mbao wenye kimo cha mita 12 hivi, pande tatu. Jua likakatika, hewa ikakatika. Oktoba 1877 wafanyakazi wasio na ajira, wakiongozwa na Denis Kearney, walikusanyika Nob Hill wakitishia kuubomoa. Watu haohao walipiga kelele Wachina wafukuzwe, na mwaka 1882 sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani ikapitishwa. Yung alifariki 1880, Crocker akafariki, na ukuta bado umesimama. Ulishuka baada ya kiwanja kuuzwa, mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwisho wake?

Mwaka 1886 alitupwa na gari la farasi New York, akaumia vibaya, na hakupona sawasawa. Alifariki tarehe 14 Agosti 1888 katika Hotel Del Monte, Monterey, hoteli ambayo kampuni zao ndizo zilizoijenga. Amezikwa Oakland.

Kuna kitu cha kuona leo?

Jumba la Nob Hill liliungua katika tetemeko la 1906. Familia ikautoa uwanja wote kwa kanisa, na sasa pana Grace Cathedral. Nyumba ya Edwin mjini Sacramento ni sehemu ya Crocker Art Museum.

Lakini anayetaka kuiona kazi yenyewe apande Donner Pass. Reli ziling'olewa kutoka handaki namba 6 mwaka 1993, na watu hupita humo kwa miguu wakiwa na tochi. Ukutani, kwenye matale, matundu ya patasi bado yapo, mengine nusu, yamepasuka pale baruti ilipoyafungua. Kidole kinaingia.